Mjomba, Nimeiona Kinango Yako

Mjomba,

Natumai goti lako limekuruhusu kufika barazani hapo Majoreni jioni. Ulinihimiza nikusimulie nikifika Kinango, ulikoishi zamani, na simu unaijua mwenyewe: ukishasema "haya, haya" mara mbili ushakata. Basi nimekaa kwenye hoteli moja Kinango mjini, karibu na steji ya matatu, nimeagiza chai na mahamri, na nakuandikia kwa raha zangu. Mwenye hoteli ameshaniuliza kama mimi ni wa sensa.

Safari haikuwa na makuu. Boda boda ilinitoa Majoreni alfajiri mpaka barabara kuu ya Lunga Lunga, hapo nikapata matatu ya Likoni iliyojaa watu wa Vanga na matenga ya samaki. Tulipofika Ramisi mzee mmoja akaanza hadithi ya kiwanda cha sukari kilichofungwa 1988, hadithi ambayo naona kila mzee wa pwani ya kusini ameajiriwa kuisimulia. Baada ya Msambweni ikaja ya kampuni ya madini ya Base Titanium. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, na abiria wote walikuwa na lao kuhusu nani sasa atawalipia karo watoto waliokuwa wakilipiwa na kampuni. Sikutia neno. Kombani nikashuka, nikapanda gari la Kwale, na Kwale nikabadilisha tena.

Wewe ulinieleza barabara hii kama adhabu. Siku hizi lami inakufikisha mjini, na ukisinzia kidogo hata msitu wa Shimba Hills unakupita. Lakini ukiwa macho unaona jambo ambalo lami haikulibadilisha: kadiri unavyoipa bahari mgongo, ndivyo mvua inavyopungua. Minazi inakwisha kwanza, kisha miembe. Ukishaipita Mwaluganje, pale wanapohifadhi ndovu, unaanza kuona udongo mwekundu, mibuyu na miiba, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta jani.

Nimekuja kuangalia shule, kama ujuavyo. Barazani kwetu kuna msemo unaosemwa bila kufikiriwa, kwamba watoto wa Kinango hawapendi masomo na wazee wao wanapenda ng'ombe kuliko vitabu. Umeusikia na wewe, na nakumbuka hukuwahi kuucheka. Sasa najua kwa nini.

Nikupe kwanza ukubwa wa nchi yenyewe, maana tangu uondoke mipaka imechezewa. Eneo bunge la Kinango linachukua karibu nusu ya ardhi yote ya Kaunti ya Kwale, nayo kaunti ni kilomita za mraba 8,270. Wadi ziko saba: Ndavaya, Puma, Kinango, Mackinnon Road, Chengoni/Samburu, Mwavumbo na Kasemeni. Serikali iliona mzigo umezidi ikaugawa, na sensa ya 2019 ikahesabu kaunti ndogo mbili hapa: Kinango watu 94,220, na Samburu watu 202,235. Samburu hii ni yetu ya njia ya reli, si ile ya Maralal. Kwa hiyo kuna watu karibu laki tatu kaskazini na magharibi mwa kaunti, waliotapakaa kuanzia Tsunza, ambako Kinango inagusa maji ya chumvi na mikoko, hadi Taru na Mackinnon Road ambako Tsavo iko mlangoni. Ukimwambia mtu wa Diani kwamba Kinango ina mikoko atakucheka, lakini siku hizi barabara ya Dongo Kundu inapita huko huko Tsunza, aende akajionee.

Mwenyeji wangu ni afisa wa mtaala, wale ambao enzi zako mlikuwa mkiwaita watu wa TAC. Kazi yake ni kutembelea shule, kukaa nyuma ya darasa, kumsaidia mwalimu aliyekwama na mtaala mpya, na kuandika ripoti. Ana pikipiki, koti la mvua ambalo naona halijawahi kuona mvua, na begi lenye vitabu vya mwongozo na kiraka cha tyubu. Nilimuuliza ana shule ngapi. Akanijibu kwa petroli: akaniambia ni zipi anazifika na kurudi kwa tangi moja na ni zipi za kulala huko. Ramani ya ofisini ina rangi nzuri na mistari iliyonyooka, ila yeye haitumii.

Tuliondoka na giza. Lami tukaiacha haraka, tukaingia njia ya changarawe, kisha njia ya mchanga, kisha kitu ambacho sijui nikiite nini, mto usio na maji ambao tuliufuata chini kwa chini kama barabara. Afisa akaniambia kwa kelele juu ya upepo kwamba mvua ikinyesha vilimani mto huo hujaa bila wingu lolote juu yako, na siku hiyo shule za ng'ambo huwa hazina afisa wala mwalimu anayelala mjini. Hapo nilimshika koti vizuri zaidi.

Sasa ngoja nikuonyeshe asubuhi ya shule moja. Jina lake silitaji, maana mwalimu mkuu alinieleza mambo kwa moyo mweupe na sitaki apate barua kutoka kwa mkubwa wake.

Watoto walianza kutokea vichakani kabla ya jua kupanda, wawili wawili, watatu watatu, viatu vimening'inizwa shingoni ili visiliwe na njia. Kila mmoja alikuwa na mzigo mkono wa pili: kidumu. Kuna vya lita tano vilivyokuwa vya mafuta ya kupikia, kuna vya lita tatu kwa wadogo, na wa chekechea wana chupa za soda. Walipita moja kwa moja hadi jikoni, ambako kuna pipa la bluu, na mmoja mmoja wakamimina. Msichana wa gredi ya tano hivi alikuwa na kidumu cha njano chenye jina lake lililochomwa kwa msumari wa moto, herufi kubwa, na chini yake kachora ua. Alimimina nusu. Akafunga kifuniko. Mama mpishi akamtazama, naye akasema kwa Kiduruma kwamba iliyobaki ni ya nyanya, atarudi nayo. Mpishi akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeandika lolote daftarini, lakini nahisi kila mtu pale jikoni anajua hesabu ya kila nyumba.

Maji hayo yametoka kwenye silanga, yaani lambo, na silanga yenyewe haiko karibu. Nayo ikikauka, kama ilivyokauka kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, mtoto anatumwa mbali zaidi, na mbali zaidi inamaanisha hafiki gwaride. Mwalimu mkuu aliniambia hivi: "Mimi mtoto akikosa siku mbili siulizi kama ni mgonjwa. Nauliza silanga yao ina maji?" Alipigwa marufuku zamani na ofisi kumrudisha mtoto aliyekuja mikono mitupu, naye mwenyewe anaona ni haki. Lakini pipa lisipojaa hakuna chakula, na chakula kisipopikwa, saa nne asubuhi darasa la gredi ya kwanza linalala kwenye madawati.

Mjomba, hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, maana ndipo penye kisa chote. Nilitarajia kukuta shule inayolalamikia vitabu na mitihani. Vitabu vipo. Madarasa yapo, mengine mapya kabisa ya mawe, yenye jina la mfuko wa eneo bunge kwa rangi kubwa kuliko jina la shule. Kinachoamua kama kuna masomo siku hiyo ni pipa la bluu na sufuria iliyo karibu nalo.

Sufuria yenyewe ni ya pure, mahindi na maharage, na mafuta kidogo yakiwepo. Mpango wa chakula shuleni una historia ndefu. Shirika la Chakula Duniani lililisha shule za maeneo makavu ya Kenya tangu 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula cha wakulima wa nchini, na kufikia 2018 shirika likaikabidhi serikali shule zote zilizobaki. Siku hizi mambo hayo yako chini ya baraza la elimu ya jamii za wafugaji, NACONEK. Kwa maandishi inapendeza. Kwa vitendo, gunia linaweza kufika wiki ya kwanza ya muhula au wiki ya sita, na daftari la mahudhurio linakuambia ni wiki gani lilifika bila hata kuangalia stoo. Mwalimu mkuu alinifungulia kurasa. Safu ya alama za kutohudhuria ilikuwa imejaa, imejaa, kisha ghafla ikaja karatasi nyeupe karibu yote. "Hapa lori lilikuja," akasema, akafunga.

Wewe utasema maziwa ya Nyayo, yale ya shuleni, yalifanya vivyo hivyo. Ndiyo, mama alinisimulia mlivyokuwa mkipanga foleni mpaka watoto wasioandikishwa wakajipenyeza.

Nilimuuliza kwa nini asinunue tu maji ya boza. Akachukua kalamu. Kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 300 inapata 426,000, tena kwa mafungu, tena zikichelewa. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, mlinzi, na ndiyo, mna kipande cha maji na umeme. Boza likija kutoka mbali, bei yake ni bei ya njia. Njia ni ile uliyosikia nikikueleza. Kwa hiyo shule iliyo kando ya bomba na shule iliyo ng'ambo ya mto mkavu zinapewa kiasi kile kile kwa kila kichwa, na watu wanaita hilo usawa.

Na hata hizo 1,420 hazimfuati kila mtoto. Zinamfuata mtoto aliyemo kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara, na ili uwemo unahitaji cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mbali na zahanati, ambaye baba yake yuko Mombasa kwenye mjengo na mama yake hana nauli ya kwenda kufuatilia, anakaa darasani, anakula pure, anakojoa kwenye choo cha shule, lakini serikalini hayupo. Mwalimu mkuu anagawanya pesa za walioandikwa kwa wote walioketi. Hilo nalo usiseme ni la huku tu. Umesahau Wapemba wa Shimoni na Vanga? Watoto wao walisoma nasi miaka na miaka bila karatasi, hadi Julai 2023 serikali ilipowatambua kuwa jamii ya Kenya. Wamakonde walitangulia, lakini wao ilibidi waende kwa miguu kuelekea Nairobi, 2016. Afisa wangu hakuwa akijua habari za Wapemba. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kumbe na nyinyi wa baharini."

Enzi zako mwalimu mkuu alikuwa na bwana mmoja, ofisa wa elimu wa wilaya, pale Kwale, na akimwogopa huyo ilitosha. Sasa anao kadhaa. Wizara ndiyo inayomiliki mtaala na ile 1,420. Walimu ni wa tume ya walimu, TSC, ambayo ina ofisi yake na faili zake. Chekechea ni ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo katika uwanja mmoja mwalimu wa watoto wa miaka minne anaripoti kwa gavana na mwalimu wa darasa la pili, ukuta kwa ukuta, anaripoti Nairobi. Jengo ni la mbunge. Nilipouliza nani mwenye pipa la bluu, mwalimu mkuu alicheka sana. Pipa ni la wazazi.

Ilinijia kwamba dunia ina sehemu nyingine zenye shida ya umbali. Kule Alaska, Marekani, kuna wilaya ya shule za umma iitwayo North Slope, kaskazini kabisa, inayohudumia vijiji vinane katika eneo la zaidi ya theluthi moja ya Kenya nzima. Barabara kati ya vijiji hakuna. Walimu na hata timu za mpira husafiri kwa ndege. Nilimsimulia afisa tukiwa kivulini, na nilidhani atashangaa baridi. Aliuliza, "Nani anayeamua?" Nikamwambia wana bodi yao ya kuchaguliwa, na eneo lao hutoza kodi visima vya mafuta, fedha zinabaki pale pale. Akanyamaza, akafunga kifuniko cha tangi, akasema tuondoke kabla jua halijakaza. Visima vya mafuta Kinango hakuna, sidanganyi mtu. Lakini hata uamuzi mdogo, wa lori la maji liende wapi wiki hii, hauko mikononi mwa mtu anayelala ndani ya kaunti ndogo.

Walimu ni kisa kingine, na hapa utatabasamu. Chumba cha walimu kina harufu ile ile uliyonieleza: chai, karatasi, na mazungumzo ya uhamisho. Kila mtu anajua nani ameandika barua. Mwaka 2018 tume ilianza kuwatawanya walimu wakuu mbali na kwao, na serikali ya sasa ilipoingia 2022 ikaruhusu wengi warudi nyumbani. Wale wa Kiduruma walirudi, na wazazi wakafurahi. Wale waliotoka bara wakaondoka, na mapengo yao mengine bado hayajazibwa.

Kijana niliyempenda zaidi ni mwalimu wa junia sekondari, wa kutoka Msambweni, aliyemaliza chuo majuzi. Gredi ya 7 iliwekwa ndani ya shule za msingi kuanzia Januari 2023, na tume ikaajiri walimu wa mkataba kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huyu alijifunza kufundisha hisabati na fizikia. Hapa anafundisha hizo, na kilimo, na sanaa, na siku nilipofika alikuwa anasoma usiku ili kesho afundishe somo ambalo hata mtihani wake hakuwahi kuufanya. Maabara hana. Alikuwa akieleza shinikizo la maji kwa kidumu cha lita tano alichotoboa matundu matatu, juu, kati na chini, vijiti vimeziba. Akachomoa vijiti vyote mara moja. Maji ya tundu la chini yakatoka kwa nguvu kuliko yote, darasa zima likasema "aaah", na papo hapo watoto wawili wakakimbia na beseni kuyakinga. Walikuwa wameshapangwa kwa kazi hiyo. Yaliyokingwa yalirudishwa jikoni. Nimewahi kuona masomo ya sayansi kwenye shule za gharama kubwa kule Nyali, na sijaona lililotulia kama lile.

Anakaa chumba kimoja na mwenzake kwenye nyumba ya udongo karibu na shule. Aliniuliza bei ya samaki changu kwetu sasa. Nikamwambia. Akaguna.

Habari za wasichana kupata mimba na wavulana kukimbilia makaa na boda boda nilizisikia tele. Sitaziandika kwa urefu. Wewe umezisikia Majoreni miaka yote, ila kwetu badala ya makaa ni ngalawa, na badala ya kuchunga mbuzi ni kwenda kuvuta nyavu usiku na kuja darasani macho mekundu. Wala watu wetu wa Mwereni na Mwangulu hawana maji zaidi ya hawa. Ni vile tu barazani tunapenda kusahau kwamba eneo letu la Lunga Lunga haliishii ufukweni.

Nikwambie ya basari, maana najua watu watakuuliza. Kaunti yetu ina sifa nchini kwa mpango wa Elimu ni Sasa ulioanza enzi za Gavana Mvurya na kuendelezwa na Gavana Achani. Umewapeleka vijana wengi shule za kitaifa na vyuo vikuu ambao wasingefika, na huku Kinango nimekutana na mzazi anayeweka barua ya mwanawe ndani ya karatasi ya plastiki juu ya dari. Mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alizikumbusha kaunti kwamba sekondari si kazi yao kikatiba bila makubaliano na serikali kuu, na pakatokea kelele, kesi na wazazi barabarani. Sitaki kuonekana mpinga basari. Lakini basari inamsubiri mtoto kwenye mlango wa sekondari. Yule msichana wa kidumu cha njano bado ana miaka ya kuvuka kabla ya mlango huo, na hakuna fomu ya basari yenye nafasi ya kuandika "silanga". Kama mimi ningepewa kusema kwenye mkutano mmoja tu wa wenye pesa, ningesema wachukue kiasi fulani wajenge matangi makubwa ya kukinga maji ya mvua kwenye kila paa la shule magharibi ya Kwale mjini, na malambo karibu na shule. Mapaa yapo, ya mabati mapya yanayong'aa. Katika shule zote tulizopita, mifereji niliiona kwa nadra, na mahali pengine mfereji upo ila tangi lilipasuka na kuachwa. Mvua chache zinazokuja zinamwagika uani na kuchimba mitaro.

Shule moja, na hii ni upande wa Vigurungani, ilikuwa na tangi la mawe lililojengwa na wazazi wenyewe, kila mzazi kwa mchanga na kokoto. Pale hatukukuta vidumu. Watoto walikuja na vitabu tu. Mwalimu mkuu wa pale alilalamika kuhusu madawati, kuhusu mpira wa miguu, kuhusu walimu wa Kiswahili, mambo ya kawaida ya mwalimu mkuu, na nikagundua tangu nifike Kinango sikuwa nimesikia malalamiko ya kawaida.

Kutoka huko tulitokea Samburu kwenye barabara kuu ya Nairobi. Baada ya ukimya wa vichaka, malori yale yanakutisha. Nilikula wali na mbuzi, afisa akanunua petroli na kiraka kingine, tukaagana. Yeye kesho yake alikuwa na shule karibu na Mackinnon Road, ya kulala huko. Mimi nikapata gari la kurudi Kinango jioni, na ndiyo maana nakuandikia hapa. Kesho nitapitia Mariakani kwa shughuli ndogo, halafu Mombasa, na nyumbani nitarudi kwa Dongo Kundu ili nisipange foleni ya feri.

Sasa jambo la mwisho, na hili ni la kazi. Nilimsimulia yule mwalimu mkuu wa kwanza habari za Gazi, jinsi wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanavyouza hewa ya ukaa ya mikoko tangu 2013 au 2014 hivi, na sehemu ya fedha ikanunua vitabu na kuvuta maji. Na kwamba Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wamefuata na mradi wao. Yeye mikoko hana. Hakuuliza habari za hewa ya ukaa. Aliuliza kamati: nani anashika daftari, nani anatia sahihi benki, na walifanyaje ili chifu na mwanasiasa wasiingize mkono. Anataka kuwaita wazazi kwa ajili ya tangi la mawe kama la Vigurungani, na anaogopa mchango wa kwanza ukiliwa hatapata wa pili. Wewe unao marafiki Vanga walio kwenye kamati, na hapo Majoreni umekaa kwenye halmashauri ya shule muda mrefu kuliko mtu yeyote. Nitafutie nakala ya kanuni zao, hata ya mkono, na uniandikie wewe mwenyewe mnavyofanya mwenye hesabu akikataa kutoa daftari. Mwalimu ameitisha mkutano wa wazazi Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala. Mpe dereva wa matatu ya Vanga bahasha hiyo kabla ya Jumatano, nitaichukua Ukunda na kumtumia.

Nisalimie nyumba nzima.

Mpwa wako